Leso Zisizo na Wenzao

Kabati la Mama lilikuwa limeshiba mpaka mlango ulifungwa kwa goti. Niliahidi kulipanga kabla sijaondoka kesho kwenda Mariakani, kwenye kazi yangu ya kwanza.

"Mama, leso hizi zimefiwa? Doti ni leso mbili, lakini hapa kila moja iko peke yake!"

"Wenzao wako na ndugu zako. Kila aliyetoka nyumba hii nilimkatia moja, nami nikabaki na moja. Na wewe Lewa, kama nguo zingepangwa kwa mdomo, ungekuwa umemaliza zamani."

"Basi tuwagawie majirani, panya wapate pa kupumua."

Akanifinya sikio huku akicheka.

Nikavuta leso ya chini kabisa. Nyekundu, inanukia harufu ya dukani, ngumu kama karatasi. Zilikuwa mbili, bado zimeungana.

Mama akachukua mkasi kwenye cherehani, akanipa pindo moja nishike.

"Vuta inyooke."

Nililishika pindo, lakini sikulivuta.

"Mama, kabati hili mbona liko sawa tu? Tuzirudishe zote."

"Shika vizuri, mwanangu," akasema, na mkasi ukaanza.