Meza ya Watatu

Delbert aliburuta kiti chake hadi kwenye meza ya kaka yake, na mkahawa mzima ukageuka kumtazama.

Bodi yetu ya maji ina wajumbe watano, wakiwemo Delbert, kaka yake na mwenyekiti. Watatu wakikaa pamoja wakagusia maji, kisheria huo ni mkutano, na kila mtu ana haki ya kuusikiliza. Na watatu wakila meza moja, nani ataamini wanaongea mpira tu? Kwa hiyo miaka sita nimempelekea Delbert mayai yake pale dirishani, peke yake, huku kaka yake na mwenyekiti wakila pamoja meza nyingine. Hata wiki aliyomzika mkewe alikula akiwa amewapa mgongo.

Mkulima mmoja akazima redio. “Haya waheshimiwa, mmetimia watatu! Semeni kwa sauti, na sisi tusikie.”

Watu wakacheka. Delbert akatoa mfukoni ufunguo wa ofisi ya maji, akauweka kando ya kikombe cha mwenyekiti.

“Wajumbe hapa ni wawili, bwana. Mimi nimeacha,” akasema. “Kaka, hebu nipe chumvi.”