Mmoja Yuko Chini

Jumapili ile mgodi wa Kafwimbi ulikuwa umefungwa na hakuna aliyeshuka, lakini kompyuta kuukuu ya getini ilishikilia neno lake. Walioko chini: 1.

"Imezeeka, hata kuhesabu haijui," alisema Jere, fundi kutoka Lusaka, akifungua boksi la kompyuta mpya.

"Inajua," alijibu Bana Chishala, karani wa geti. "Asiyejua ni wewe, Mngoni mla panya."

"Afadhali panya, mama, kuliko nyani wenu nyie Wabemba."

Siku nyingine angemrudishia utani. Leo alimimina munkoyo, togwa ya kwao, akafunika kikombe kwa kisahani, akakiweka dirishani kama afanyavyo kila zamu inapotoka. Jere alikuwa na kiu, ila hakukaribishwa.

Geti lile halina maneno mengi. Ukiingia, linazunguka na kuongeza mmoja, ukitoka, linazunguka na kupunguza. Handaki la mashariki lilipoporomoka, mumewe Bana Chishala alikuwa ameingia. Hakutoka, wala maiti haikupatikana. Kila bosi aliyetaka kubadilisha kompyuta aliambiwa na wachimbaji: siku mnayomfuta mwenzetu, hashuki mtu. Mabosi wakafunika kombe, na ile kuukuu ikaachwa ijikongoje hivyohivyo, vipuri vyake vikiwa havipatikani tena popote. Juzi ikaganda, geti likagoma kufunguka, na zamu nzima ikakwama chini nusu siku. Ndipo hata wachimbaji wakasema basi.

"Mhamishie na yeye humo kwenye mpya," Bana Chishala alimsihi. "Ni mmoja tu, mwanangu."

"Haiwezekani, mama. Mpya inaanza na sifuri."

"Basi atabaki kule, na hapatakuwa na wa kumsubiri."

Jere roho ilimuuma, lakini kazi ni kazi. Akachomoa waya. Ile moja ikafifia, ikazimika. Akawasha mpya, nayo ikang'aa: Walioko chini: 0.

Bana Chishala akajifunika uso kwa chitenge, akalia kama siku ya msiba.

Nje, geti la kutokea likazunguka mara moja, polepole.

Kilio kikakatika. Bana Chishala akafuta macho, akasogea dirishani, akafunua kikombe.

"Ni upepo tu, mama," Jere alisema, akageukia kioo.

Walioko chini: -1.