Shujaa wa Shizuno

Jumamosi ile shujaa alikuja darasani amevunjwa pua. Wiki iliyotangulia lilikuwa jicho, na kabla ya hapo mbavu.

Mwalimu Iwao aliuinua mchoro wa Shizuno karibu na dirisha. Alikuwa mkali kama pilipili, na wanafunzi wake, watu wazima wanaopenda kuchora mashujaa wa anime, katuni za Kijapani, kwa penseli za rangi, walimwogopa. Majira ya kuchipua aliuchana mchoro wa kwanza wa Shizuno mbele ya wote.

"Damu gani hii, sharubati?" alimfokea siku ile. "Unakisia. Tafuta kitu chenyewe, ukikodolee macho mpaka kibadilike rangi."

Sasa alikosa la kusahihisha. Nywele zilikuwa zilezile za fedha na macho yaleyale makubwa, lakini jeraha lilikuwa hai. Kwenye uvimbe wa jicho zambarau ilikuwa imefifia, kijani kimeingia, na pembezoni kukawa na manjano hafifu. Damu ya puani ilikuwa nyekundu katikati na kahawia pale ilipoganda.

"Kijana wako anapigwa kila wiki," alitania Bi Tome, kikongwe wa meza ya jirani. "Kwani hana ndugu?"

Shizuno alicheka kidogo ndani ya barakoa yake. Joto la Agosti lilikuwa halivumiliki, naye alivaa mikono mirefu. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimechubuka.

"Vidole vimefanyaje?" Iwao aliuliza.

"Nilijigonga mlangoni, Mwalimu."

"Na mumeo hajambo?"

"Yupo tu nyumbani. Siku hizi hatoki."

Shizuno alipokwenda kuosha kikombe, Bi Tome alimsogelea mwalimu. Nyumba yake ilipakana na ya Shizuno.

"Mumewe, Masanobu, alikuwa bingwa wa judo, na mkono wake mwepesi wa kupiga tangu waoane," alinong'ona. "Mwaka huu vishindo vimezidi. Jana nimesikia kitu kinapasuka, halafu kilio, halafu kimya."

Iwao aliona aibu. Wiki zote hizo alikuwa akisifia michubuko, na kumbe maskini yule alikuwa akijitazama kwenye kioo.

Jumamosi iliyofuata Shizuno hakuja. Alimpa Bi Tome mchoro aupeleke. Shujaa alikuwa amelala chali, midomo imegeuka bluu, mwilini kimono cheupe. Iwao, kama kawaida yake, alianza kwa hasira.

"Ona, upande wa kulia ameuweka juu ya wa kushoto. Hata mtoto anajua hivyo ndivyo tunavyovalisha maiti."

"Shizuno akosee hilo?" Bi Tome alisema. "Mama yake alikuwa mshona kimono."

Mwalimu akautazama tena mchoro. Kisha akasema polepole, "Anatuaga. Masanobu atamuua."

Akanyakua rula yake ya chuma na kutoka mbio. Alikuwa hajawahi kumpiga mtu maishani, lakini njiani aliomba amkute Masanobu amesimama, apate pa kuanzia.

Hakubisha hodi. Aliupiga mlango teke ukang'oka, akapanda kwenye mikeka na viatu vyake.

"Masanobu! Toka, mwanaharamu! Ukimgusa tena nakuvunja mikono yote miwili!"

Akausukuma kando mlango wa chumba cha ndani, na rula ikamponyoka mkononi.

Kiti cha magurudumu kilikuwa kimepinduka, kamba zikining'inia kwenye mikono ya kiti. Kando yake Masanobu alikuwa amelala chali, miguu imekonda kwa kupooza, pua imevunjika, jicho likiwa na zambarau, kijani na manjano, kimono chake cheupe kimefungwa kulia juu ya kushoto. Shizuno alikuwa amepiga magoti ubavuni pake, karatasi mapajani. Alikuwa amekunja mikono ya nguo hadi viwikoni, na ngozi yake ilijaa mikwaruzo ya kucha.

"Usimguse, Mwalimu," alisema, akichonga penseli ya bluu. "Bado anabadilika rangi."