Tochi ya Kuona Uso

Verna aliilaza bunduki juu ya kaunta ya kioo hata salamu hajatoa.

"Nifungie tochi kwenye hii, Royce. Na kabla ya saa tisa alasiri lazima iwe imerudi chini ya kitanda."

"Kwani kitanda kinaogopa kulala peke yake?" Royce alicheka. Duka lile la silaha, kule milimani Arkansas, lilikuwa lake, na utani wake haukuchagua mtu.

Verna hakucheka. Royce akaifungua bunduki, risasi ikamdondokea mkononi.

"Hee, mama! Hulala nayo hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Safi sana." Akasogea karibu. "Kuna mtu anakusumbua?"

"Kuna mwanamume huzunguka ndani ya nyumba yangu usiku."

"Unamjua?"

"Mimi namjua. Yeye ndiye hanijui."

Polisi, alisema, walikuja, wakanywa kahawa yake, wakasema hakuna sheria iliyovunjwa. Wanawe nao, huko mbali waliko, walimwambia kwenye simu kwamba bunduki ya baba haiguswi.

"Niliificha mara moja tu, kwenye banda la kuku." Akapandisha mkono wa sweta. Kifundo cha mkono kilikuwa bado kimevilia damu. "Usiku huohuo akanifanya hivi."

"Sasa unaona! Silaha haifichwi, mama yangu. Silaha inakaa karibu!"

Maskini Royce, alikasirika kwa ajili yake, na hasira ile ndiyo iliyomfunga Verna mdomo. Kidogo tu amwambie. Akaona aibu.

Royce akampangia tochi tatu. Ya kwanza ilimulika hadi ng'ambo ya bonde, na kwa bei yake ungepata ndama.

"Bonde la nini, wewe? Nataka kuona uso tu, toka kitandani mpaka mlangoni. Na iwe nyepesi. Mikono yenyewe inatetemeka."

Royce akaitazama mikono ya Verna. Ilikuwa imetulia tuli juu ya kioo.

"Na mtu akisahau kubonyeza?" Verna aliuliza.

"Basi chukua hii ndogo. Bei ya sisi maskini, uzito wa yai. Swichi naifunga hapa pa kushikia. Ukiishika tu, inawaka."

"Hiyo hiyo. Fanya haraka, mwanangu."

Alipofika nyumbani na kusukuma mlango wa chumba cha kulala, mapazia yalikuwa bado yamefungwa. Harlan, mumewe tangu ujana, alikuwa ameshaamka usingizi wake wa mchana. Alikuwa amepiga magoti, anapapasa chini ya kitanda huku analia.

"Hii hapa, mpenzi. Ilikuwa kwa fundi."

Harlan akaipokea, akaifungua kuangalia. Tupu. Akatoa risasi kwenye mfuko wa pajama, akaitia. Majina ya wanawe yalishamtoka kichwani, lakini mikono ile haikuwa imesahau kitu.

"Ukisikia mtu, mulika kwanza," Verna alimsihi. "Usoni, Harlan. Kabla ya lolote."

Bunduki ikainuka, inatetemeka. Tochi ikawaka yenyewe, mwanga ukamjaa Verna usoni. Verna hakuthubutu kufumba macho. Akatabasamu vilevile alivyotabasamu kwenye picha ya harusi yao.

"Umeona? Ni mimi."

Harlan alimmulika kwa muda mrefu.

"Nakuona vizuri sana," akasema. "Mke wangu umempeleka wapi?"