Kidude cha Ukutani

Tangu Harith amfungie mama yake, Bi Mwanakombo, kidude kile ukutani, mke mwenzake, Bi Tunu, hakuwa na raha. Mume walikuwa naye mmoja na wakamzika pamoja, lakini kidude kilifungwa chumbani kwa Bi Mwanakombo peke yake. Hakikuwa na kamera. Kilihisi mwendo tu, kikamjulisha Harith huko mbali aliko kwamba mama yake ameamka, anatembea. Watoto wa Bi Tunu hata simu hawakupiga.

Asubuhi hiyo alimpelekea mke mwenzake uji, akamkuta bado kitandani.

"Kiuno, Tunu. Tangu jana siinuki."

Bi Tunu aliweka bakuli chini. Akakitazama kidude kwa wivu. Akajitanda kanga vizuri, akaanza kupita mbele ya kidude, kwenda na kurudi, taratibu kama bibi harusi.

Simu ikalia. Bi Mwanakombo akaiweka sauti ya juu.

"Mama, jana hukutembea, nikakata tiketi nije. Kumbe leo una nguvu hivyo! Basi naivunja safari."

Bi Mwanakombo alimnyooshea mwenzake simu.

Bi Tunu alisimama katikati ya chumba, mguu mmoja hewani, na kitaa cha kijani cha kidude kikimsubiri akanyage.