Neno Alilolikataza Mwalimu

Wauguzi wawili walishamchoma mgonjwa wakaukosa mshipa, ndipo wakaniita mimi. Nilipofungua pazia nikamkuta Mwalimu kitandani, yule mwanamke aliyenifundisha uuguzi tangu ngazi ya cheti, akanisukuma hadi diploma, kisha akanifuata nyumbani na kunisema mpaka nikaenda kusomea shahada.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Haya, tuone kama chuo kikuu hakijakuharibu."

Mkono wake ulikuwa wa baridi. Niliufunika kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, nikavuta kiti, nikasubiri. Ndivyo alivyotufundisha mwenyewe: mshipa ni kama kuku, ukiukimbiza huukamati. Tena alitukataza kabisa kumwambia mgonjwa "usiogope". Alisema ukimwambia hivyo, atajua lipo la kuogopa.

Nikafunga mpira juu ya kiwiko, nikapapasa polepole. Mshipa ukainuka chini ya kidole changu.

Hapo ndipo nilipoona mkono wake wa pili umeng'ang'ania shuka. Huyu ndiye aliyekuwa akikohoa tu mlangoni, darasa zima linanyamaza. Sasa amefumba macho, amekunja uso kama mtoto. Lile neno likanijia mdomoni. Nikalimeza, nikachukua sindano, nikaendelea na kazi yangu.

"We binti," akanong'ona, macho bado kayafumba. "Leo niambie tu."

"Nikwambie nini, Mwalimu?"

"Lile neno nililowakataza."

Nikamfungua mpira mkononi.

"Usiogope, Mama," nikasema. "Imeshaingia."