Bangili Iliyopoa

Zama zile kila pambo lilifungamana na uhai wa mwenyewe: akiwa hai lina joto, akifa linapoa papo hapo, popote lilipo.

Mwatime alikuwa akikuna nazi, bangili ya wizi aliyovishwa na mumewe ikapoa mkononi mwake. Ya nne mwaka huu. Aliivua, akaiweka kando, akaendelea kukuna. Ukilala kitanda kimoja na chui humwulizi amekula nini.

Kombo akaingia, ameshaoga.

"Imepoa?"

"Imepoa."

Akaichukua, akaenda kuitumbukiza chooni.

"Si ungeiweka, mume wangu. Dhahabu ile!"

"Ikishapoa ni chuma tu. Utamu wake ni kuishika ukijua mwenyewe yuko mahali anaitafuta." Akatabasamu. "Hebu lete kopo langu kabatini. Imebaki moja."

Mwatime akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na pete yake ya ndoa, aliyoitafuta wiki nzima kwenye maji ya kuoshea vyombo.

Akaigusa. Ilikuwa ya moto.

"Umeiona, mke wangu?" Kombo aliuliza kwa upole, akikunja mikono ya shati.